Mshubiri Wako na Forosadi za Bi Chausiku

Kimamba, Jumapili, saa kumi jioni

Zuhura mwanangu,

Salamu sikuandikii. Tumeamkiana asubuhi, tumekunywa chai meza moja, na kabla vikombe havijaisha nimekufokea mpaka mama yako akainuka akaenda kusimama uani. Kwa hiyo hali yangu unaijua. Nimekasirika. Ninavyoandika hivi bado nimekasirika, na usiisome barua hii ukitafuta mahali nilipopoa, maana sijapoa.

Wewe sasa hivi uko Kilosa mjini kwa bibi yako, unaaga. Mama yako ndiye aliyenipa daftari na kalamu. Kasema, "Andika, Baba Zuhura. Wewe ukisema unapiga kelele, na mtoto akishasikia kelele hasikii tena maneno." Nikamwambia mimi sipigi kelele. Akanitazama tu, akaenda zake jikoni.

Mambo ya nguo, chandarua, nani atakupokea Mikumi na usile nini njiani, ameyasema yeye, na kesho stendi atayasema upya. Mimi sina la kuongeza hapo. Mimi nataka ujue kwa nini nilikichukua kile kikopo chako nikakitupa nje.

Ulikuwa umekiweka katikati ya meza, kopo la maziwa ya unga lenye mshubiri mmoja mnene, umeunawisha maji mpaka unameremeta. Ukasimama, ukaweka khanga sawa, ukamwambia mama yako, "Mama, wewe jifanye mwanakijiji wa Ruaha. Mimi ndiyo nimefika." Mama yako akacheka, akajikunja kama bibi kizee. Nawe ukaanza. "Shikamoo, bibi. Hebu tutazame huko nyuma ya nyumba yako. Kuna nini? Vichaka. Sasa uone mmea huu. Hauombi maji. Hauombi mbolea. Mbuzi haugusi. Wala hauna siku ya kuvunwa, unakungoja wewe mwenyewe upate nafasi."

Nilikuwa na kikombe mdomoni. Mwanangu, maneno hayo ni yangu. Sisemi yanafanana na yangu. Ni yangu yenyewe, kwa mpangilio uleule, niliyasema nimesimama juu ya jiwe la kufulia pale kambini, wewe ukiwa darasa la nne, umekaa mbele kabisa umekumbatia magoti. Karatasi uliyopewa na hiyo kampuni iliyokuajiri ueneze mishubiri nimeisoma yote, haina maneno hayo. Umeyatoa kichwani mwako, na kichwani mwako niliyatia mimi. Ndipo nikashika kopo.

Ulilia, ukasema, "Baba hutaki niende kazini. Unataka nikae hapa nichume forosadi mpaka nizeeke." Hapo ndipo uliponichoma. Katika mimea yote ya nchi hii ukachagua huo. Wewe hujui ile miforosadi mitano iliyo nyuma ya nyumba yetu imetoka wapi na kwa nini ipo. Nitakueleza, na itanibidi nianze na mkonge, maana ujinga wangu ulianzia kwenye mkonge.

Babu yako alikuja huku kutoka Kigoma akiwa manamba, kwa mkataba wa kukata mkonge, akakata mpaka mgongo ukagoma kunyooka. Mimi nikazaliwa laini, kwenye zile nyumba ndefu za kambi. Nikakata nami, kisha nikapandishwa nikawa nyapara. Wewe ulinikuta nyapara, unaikumbuka filimbi yangu. Kazi yangu ilikuwa jicho. Mistari miwili miwili, kamba yenye mafundo, na kati ya mstari na mstari pasionekane hata jani moja la kitu kingine. Mzigo ni majani thelathini, umefungwa ukakaza. Mkataji akileta mzigo uliolegea namrudisha nao. Hata leo nikiona mtu kapanda mihogo ovyoovyo mikono inaniwasha. Nilijivunia jicho hilo kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho, na ndilo lililoniangusha.

Halafu shamba likauzwa. Soko huria, walisema. Mwekezaji anakuja, walisema, tena mkutanoni, kwa kipaza sauti. Mwekezaji akaja mara moja, akazunguka na gari vioo vimefungwa, akaondoka. Korona, ile mashine ya kuchambulia majani, ikanyamaza. Zahanati ya kambi ikatiwa kufuli. Bomba likawa linatoa hewa. Sisi tukaambiwa tumepunguzwa kazini. Watu wazima tukabaki tumekaa vizingitini tukitazama mkonge ukitoa milingoti ya maua, na nyapara yeyote akiona milingoti imejaa hivyo anajua shamba halina tena mtu. Kwenye nyumba za kambi tuliendelea kukaa kwa sababu tu hakuna aliyekuja kututoa.

Nina hasira na watu wale hadi leo. Sitaki ufikiri nimejitwisha makosa yote peke yangu. Lakini wao hawatakuja kusoma barua hii.

Ndipo akaja yule bwana tuliyemwita Mtaalamu. Shati jeupe, mkoba wa ngozi, maneno laini. Akauliza nyapara ni nani, akaelekezwa kwetu. Akatoa mshubiri kwenye mfuko, ila yeye aliuita alovera, akasema mjini watu wanakunywa maji yake, wanajipaka usoni, wanatibu sukari na presha, na wanunuzi wanautafuta kwa tochi. Nikaushika. Jani nene. Miiba pembeni. Majani yametoka katikati yakajipanga kuzunguka. Moyoni nikasema, huyu ni mdogo wake mkonge.

Mtaalamu hakuniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe. Na kwa jinsi nilivyokuwa na njaa ya kuwa nyapara tena, sikuuliza swali hata moja. Sikuuliza unavunwaje, unasafirishwaje, unakaa siku ngapi ukishakatwa. Nimuulize nini mtu wa mjini, mimi niliyezaliwa kwenye mkonge?

Kesho yake nikapuliza filimbi. Hebu fikiria, shamba limekufa mwaka mzima na mimi bado natembea na filimbi mfukoni. Na watu wakatoka! Wakatoka kama walivyokuwa wakitoka, wengine na panga mkononi. Nikapanda juu ya jiwe la kufulia, nikasema yale uliyoyasema leo asubuhi. Kisha nikatoa amri: kila nyumba isafishe kiwanja cha nyuma, kisibaki kitu, Mtaalamu atakuja Alhamisi kukagua. Wakang'oa mipapai. Wakang'oa bamia, mgagani, matembele. Mama yako aling'oa mchicha wake mwenyewe, amekaza meno. Hakuna aliyebisha. Siku ile nililiona jambo hilo kuwa ni heshima. Leo nikilikumbuka naona aibu, maana watu wale walikuwa wamezoea kunitii kwa miaka mingi, na mimi nikautumia utii wao wakati kazi iliyonipa utii huo imeshakwisha.

Mtu mmoja hakuwepo mkutanoni. Bi Chausiku.

Wewe unamjua kama bibi mkali anayefukuza watoto. Zamani hakuwa hivyo. Mumewe alifanya kazi korona, akafa mapema, naye akapanda uzio wa miforosadi kuanzia kona ya nyumba yake mpaka karibu na reli. Uzio ule, kwa jicho langu, ulikuwa aibu tupu. Kipande kimoja kirefu kuliko mtu, kingine kinafika kiunoni, kingine kimekatwa vimebaki visiki. Nilimwambia mara nyingi, "Bi Chausiku, nyoosha uzio wako, unatuchafulia kambi." Yeye anacheka. "Baba Zuhura, wewe kanyooshe mkonge wako. Huu niachie mimi."

Sikujua, wala sikutaka kujua, kwamba aliukata hivyo makusudi. Mforosadi ukiukata unachipua, na yale machipukizi mapya ndiyo yanayozaa. Alikuwa anakata kipande leo, kingine baada ya wiki mbili, kingine baadaye tena, ili usiwepo wakati ambao uzio wote umelala. Ilimradi mvua zipo au amebeba ndoo za kutosha, treni ya abiria ikisimama hapa Kimamba yeye ana kitu cha kuuza dirishani: forosadi zimefungwa kwenye jani la mgomba, zimechumwa asubuhi ileile, kwa sababu forosadi hailali. Hayo alinieleza binti yake, Mwanaidi, baadaye, kwa hasira, baada ya kila kitu kwisha. Kwa uzio huo ulioniudhi Bi Chausiku alimlea Mwanaidi na kumsomesha.

Wiki ile Bi Chausiku alikuwa Berega, hospitalini, Mwanaidi akijifungua. Ulikuwa uzazi mgumu na walikaa huko siku nyingi. Nilijua. Usije ukasikia kwa watu kwamba baba yako hakujua. Nilijua uzio ni wake, nilijua hayupo, na nilijua angekuwepo angekataa. Ndiyo maana niliharakisha. Jumatano nilichukua wanaume wanne tukaukata wote. Na kwa kuwa kila mtu hapa anajua kwamba mforosadi unachipua kisikini, nikaamuru visiki ving'olewe na mizizi yake, tukavichoma moto. Nilikuwa nyapara mzuri mimi. Nikipewa kazi ya kusafisha, kilichosafishwa hakirudi.

Alhamisi Mtaalamu akaleta miche, tukaipanda, akakagua. Kutoka laini hadi reli, mistari miwili miwili, kamba haijapinda hata kidole. Akanipa mkono, akasema hajaona wakulima wenye nidhamu kama hawa. Siku hiyo nililala usingizi mzuri sana, mwanangu. Nakwambia ili ujue kwamba mtu anaweza kufanya jambo kama lile na akalala.

Bi Chausiku alirudi baada ya siku tisa, mjukuu mgongoni, Mwanaidi akitembea nyuma taratibu. Akasimama pale kona. Akatazama mpaka relini. Hakulia. Mimi nilikuwa napita na kamba yangu begani, akaniuliza, "Nani kakata?"

"Shikamoo, Bi Chausiku. Ni mimi. Ni kwa faida ya wote."

"Wote akina nani?"

Nikarudia, "Shikamoo." Akaingia ndani na mtoto.

Marahaba yangu sijaipata mpaka leo, na huu ni mwaka wa nane. Unajua hapa kwetu jambo hilo lina uzito gani. Mtu anaweza kukuchukia mpaka mifupani na bado akakuitikia shikamoo, maana ni mdomo tu. Yeye nampitia kila asubuhi, namwamkia, na anaendelea na kazi yake kana kwamba umepita upepo. Wapo waliomsema kwa hilo. Mimi mwenyewe mwanzoni nilimsema, nikajifanya ndiye niliyekosewa adabu.

Mishubiri haikuwa na kosa lolote. Ilikua, ikanenepa, ikazaa machipukizi pembeni. Baada ya mwaka na zaidi Mtaalamu akaleta habari kwamba gari linakuja, tuvune. Nikapuliza filimbi. Tukavuna kama mkonge! Visu vya mkonge, ncha zinakatwa, majani thelathini, kamba, kaza. Wanawake wakaanza kusema, "Baba Zuhura, mbona yanavuja?" Nikasema kazeni. Maji yanatutiririkia miguuni, ute wa njano unanuka, nami nasimama pale nasema mzigo uliolegea siupokei. Tukaipanga mizigo kando ya barabara, juani, kama tulivyozoea kupanga tukingoja troli. Gari lilikuja siku ya tatu. Mtaalamu akashuka, akainua mzigo mmoja kwa vidole viwili, ukaachia, ukamwagikia viatu vyake. Akacheka mwenyewe. "Mzee, hii siyo alovera tena. Hii ni mlenda." Akapanda gari, na hatukumwona tena.

Nilitaka sana kumwita mwongo. Ningempata uongoni ningepona haraka. Lakini majani yalikuwa yameoza kweli, na aliyeyafunga ni mimi. Yeye kosa lake ni kutuachia mmea bila kutufundisha. Mimi kosa langu ni kwamba hata angetaka kunifundisha nisingemsikiliza. Watu hawakunitukana. Walirudi nyumbani, wakaanza kuotesha mchicha, na kuanzia siku ile filimbi yangu ikipulizwa hatoki mtu. Niliijaribu mara moja tu.

Kwa wengine kilichopotea kilikuwa msimu mmoja au miwili. Mipapai ikarudi. Uzio wa Bi Chausiku ulikuwa kazi ya miaka kumi na kitu. Mwanaidi akaondoka kutafuta kazi, akamwachia mtoto, na Bi Chausiku, kwa umri ule, akaanza kuteka maji majumbani kwa watu. Amewahi kuteka hata hapa kwetu, mimi nikiwa safarini. Mama yako aliniambia kwa makusudi kabisa, wakati wa chakula.

Sasa ile miforosadi mitano. Nilipata vipande vya matawi kwa bibi yako Kilosa, nikaenda kuvichomeka kwenye kona ya Bi Chausiku siku aliyokwenda mtoni. Akaving'oa. Nikachomeka tena. Akaving'oa tena, akaviweka mlangoni petu, amevifunga mzigo, umekaza. Ule mzigo ningeupokea shambani bila neno. Ndivyo miforosadi ilivyokuja kupandwa nyuma ya nyumba yetu, na ndiyo hiyo uliyokulia ukiila mpaka unachafua sare ya shule.

Na kila zilipoiva nilikujazia bakuli umpelekee. Unarudi na bakuli tupu, unasema, "Baba, Bibi kasema asante sana. Kasema zimeiva vizuri." Miaka mitatu nimeishi kwa asante hiyo. Mwaka jana nikapita nyuma kwake mchana, nikakuta kuku wake wana midomo ya zambarau, wote. Sikukuuliza. Nilielewa umenidanganya kwa huruma, na nikakupenda kwa hilo. Lakini leo asubuhi, nilipokusikia ukimsemesha yule bibi wa kubuni wa Ruaha, nikaelewa kampuni imekuajiri kwa kipaji gani. Unajua mtu anataka kusikia nini, na unamwambia kwa uso mzuri na sauti ya adabu. Nusu ya kipaji hicho umejifunza kwa kunisikiliza, na nusu kwa kunihurumia.

Usiende huko ukasema baba anauchukia mshubiri. Siuchukii. Mama yako alipomwagikiwa uji mkononi, jani moja lililopasuliwa ndilo lililomtuliza mpaka akalala. Ukipata chumba Mikumi, panda mmoja karibu na jiko. Hata ukisafiri mwezi utaukuta ulivyouacha. Sasa uone mforosadi ulivyo msumbufu. Unachafua nguo zilizoanikwa. Unaita ndege. Usipoukata unajazana matawi, hauzai. Ukiiva leo lazima uwepo leo, ukisema kesho umewaachia sisimizi. Mtu mwenye nao hawezi kukaa mbali nao, na ndiyo maana mtu wa kupita hauelewi. Mmea usiomtaka mtu chochote ni rahisi kuhutubia. Nilihutubia mimi mtu mzima, watu wakapiga makofi. Huo mwingine siwezi kuuhutubia hata leo, naweza tu kukuonyesha mahali pa kukata.

Kwa hiyo ninalo neno moja, na sitaki uliite mawaidha, liite ufundi. Ukifika kwa mtu Ruaha, ukaona nyuma ya nyumba yake kitu unachotaka kukiita kichaka, muulize anakikata lini, na kwa nini anakikata hivyo. Halafu nyamaza. Usimsaidie kujibu. Kama kampuni haina muda wa jibu hilo, ujue imekutuma kufanya nini.

Nitakwambia na linalonitisha kuhusu Mikumi. Nimefika pale, nimelala pale. Ni mji wa barabarani, malori yanasimama, watu wanakula, wanaondoka, hakuna anayeuliza wewe mtoto wa nani. Utaipenda hali hiyo, nami sikulaumu, hapa umechoka kuitwa mtoto wa nyapara. Lakini mimi niliyemkosea ninampitia kila asubuhi. Ningetaka kusahau, mlango wake uko pale. Wewe gari la kampuni litakushusha kijijini saa tatu na kukuchukua saa tisa, na waliokuamini hutawaona tena. Mtaalamu naye nadhani alikuwa kijana mzuri tu, mwenye mama yake mahali fulani. Hakurudi, basi, na sina hakika kama anajua mpaka leo alichokiacha.

Na hapa ndipo hasira inaponigeukia. Sina kazi nyingine ya kukupa. Umemaliza kidato cha nne, umeandika barua za maombi mpaka kidole kikaota sugu, na waliojibu ni hao. Shamba ambalo lingekuajiri walau ukarani limeota nyasi. Nikikwambia usiende, nakwambia ukae ufanye nini? Asubuhi ulinitazama ukingoja nikwambie, nami nikatupa kopo kwa sababu sikuwa na la kusema. Kwa kutupa kopo, nisamehe. Kwa mengine yote niliyosema, hapana, yamesimama.

Leo saa saba, udongo wako bado umemwagika pale uani, nilikwenda kwa Bi Chausiku. Alikuwa amekaa mkekani anachambua maharage. Sikusema shikamoo. Nikaona hiyo nimeisema vya kutosha na imekuwa njia ya kupitia mbali na jambo lenyewe. Nikasema nimesimama, "Bi Chausiku, nilikata uzio wako nikijua ni wako na nikijua hupo. Nilikosea. Naomba unisamehe."

Miaka minane, mwanangu, na maneno yenyewe yalikuwa mafupi namna hiyo.

Hakuinua kichwa. "Najua ulijua," akasema. Akaendelea kuchambua, akatupa kijiwe pembeni. Kisha akauliza, "Mwanao anaondoka kesho?"

"Ndiyo, kesho asubuhi."

"Anakwenda kufanya kazi gani huko Mikumi?"

Nikamweleza. Kampuni, Ruaha, Kidodi, mishubiri nyuma ya nyumba za watu. Nikajitahidi kueleza vizuri, nikakusifia, nikasema mtoto ana akili na anajua kuongea na watu. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaacha maharage, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya reli, akasema, "Basi bado unakata."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako anipe ile karatasi ya kampuni, na ndipo akanipa daftari.

Kwenye mpango wa kampuni nimeona Ruaha ni mwaka huu, Kidodi inafuata, na mwakani mnaanza Kimamba. Hukunitajia hilo. Sijui kama ulisahau au ulinihurumia tena. Kesho sitakuzuia. Nitabeba sanduku lako mpaka stendi, nitakutafutia kiti cha dirishani, na nitakuombea Mungu kama baba yeyote, kwa moyo wote. Ukifanya kazi yako kwa kuuliza, urudi hata kesho kutwa, utanikuta nakungoja. Lakini siku utakayoshuka hapa kuwaambia watu wang'oe walivyonavyo, na hujamuuliza mtu kitu, ujue nimekutangulia. Nitapita laini nzima, mlango kwa mlango, nipige hodi, niwaambie: anakuja msichana, ana sauti nzuri, ana adabu, atawaamkia vizuri kuliko watoto wenu. Msimfungulie. Ni mwanangu.

Baba yako